Jinsi neno "hospitali" lilivyofika Nundu

Hospitali ni neno la Kilatini lililoingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Kiswahili cha Tanzania na Kenya kililipata kutoka Kiingereza, likiwa na herufi s katikati. Kiswahili cha Kivu kililipata kutoka Kifaransa, lugha iliyokuwa imekwisha kuidondosha s hiyo, na ndiyo maana kwenye barabara ya ufuoni kati ya Uvira na Baraka husikika kwamba mgonjwa amepelekwa hopitali, opitali au lopitali. Barabara hiyo hupita Nundu, katika teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, ambako hospitali ya Kanisa la Methodisti Huru huhudumia vijiji vya ufuo wa Ziwa Tanganyika na vya milimani.

Neno lenyewe halikuzaliwa na maana ya mahali pa kutibia. Kwa zaidi ya miaka elfu moja lilihusu mgeni na haki yake ya kupokewa. Ugonjwa uliingia polepole, na sababu za kuingia kwake zinajulikana.

Kabla ya Kristo: mgeni, mwenyeji na adui

Shina ni hospes. Katika Kilatini cha kale hospes alikuwa mgeni aliyepokewa nyumbani, na papo hapo alikuwa mwenyeji aliyempokea. Jina moja liliwatosha wote wawili kwa kuwa mapatano yenyewe yalikuwa ya kupokezana: anayelala kwako leo, kesho utalala kwake. Wataalamu wa historia ya lugha huligawa neno hilo sehemu mbili. Ya kwanza ni hostis, mtu wa kuja; ya pili hutokana na shina lenye maana ya bwana au mwenye mamlaka. Hospes basi ni bwana wa ugeni, yule mwenye haki na wajibu wa kupokea watu.

Hostis lilipatwa na mkasa wake. Katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, zilizowekwa Roma yapata mwaka 450 K.K., lilimtaja mgeni asiye raia, bila ubaya wowote. Miaka mia nne baadaye, mwaka 44 K.K., Cicero alipoandika kitabu chake kuhusu wajibu, alilazimika kuwaeleza wasomaji kwamba mababu walimwita hivyo mgeni wa kawaida, kwa maana wakati wake hostis alikuwa tayari ni adui wa vita. Karne hizo nne Roma ilikuwa ikipigana na karibu kila jirani yake. Mtu wa nje akageuka mtu wa kupambana naye, na lugha ikafuata. Shina hilohilo, kwa njia nyingine za kaskazini, lilitoa Gast katika Kijerumani na guest katika Kiingereza, yote mawili yakiwa na maana ya mgeni, hali Kiingereza kilichukua pia hostile kutoka Kilatini kwa maana ya kuwa na uadui.

Mapatano ya ugeni yaliitwa hospitium, na watoto waliyarithi kutoka kwa wazazi. Alama yake ilikuwa tessera hospitalis, kipande kidogo ambacho kila familia ilikaa na nusu yake, ili wajukuu wakikutana siku moja waweze kulinganisha nusu hizo na kutambuana. Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika tamthilia ya Plautus iitwayo Poenulus, ya mwanzoni mwa karne ya 2 K.K. Mhusika wake Hanno ni mzee wa Karthago, mji wa pwani ya Afrika katika nchi iitwayo leo Tunisia. Anafika katika mji wa Kigiriki akiwatafuta binti zake walioibwa, na mkononi ana tessera ya rafiki yake Antidamas. Antidamas amekwisha kufa. Mrithi wake analeta nusu ya pili, zinalinganishwa, zinaoana, na mzee wa Afrika anapokewa kama mtu wa nyumbani. Waroma waliotazama mchezo huo walikuwa wametoka tu kupigana na Karthago vita virefu, na bado mwandishi alitegemea kwamba wangeielewa heshima ya kipande kile.

Kutoka hospes kikatoka kivumishi hospitalis, "cha mgeni" au "cha kupokea wageni". Hicho ndicho kilichosafiri hadi Nundu.

Karne ya 1 hadi ya 9: majengo bila jina, jina bila majengo

Waroma walikuwa na nyumba za kutibia, ila hawakuziita kwa neno hilo. Jeshi lao lilijenga ndani ya ngome zake jengo lililoitwa valetudinarium, lenye vyumba vidogo vilivyopangwa pande mbili za ukumbi mrefu. Misingi yake imefukuliwa Neuss nchini Ujerumani na Inchtuthil nchini Uskoti. Wenye mashamba makubwa nao waliwatengea watumwa wao wagonjwa chumba chenye jina hilohilo. Askari na mtumwa walitibiwa kwa sababu walikuwa na faida kwa mwenye kuwamiliki au kuwaamuru. Maskini huru wa mjini hakuwa na mahali pa kwenda akiugua, na tajiri aliitiwa tabibu nyumbani.

Mabadiliko yalianzia mashariki, kwa Wakristo wanaosema Kigiriki. Yapata mwaka 370, baada ya njaa kali, Askofu Basili wa Kaisaria ya Kapadokia, katika Uturuki ya leo, alijenga nje ya mji majumba ya wasafiri, maskini, wakoma na wagonjwa, pamoja na watu wa kuwahudumia. Kizazi hichohicho, mwanamke tajiri wa Roma aitwaye Fabiola aliuza mali zake akafungua nyumba ya wagonjwa, ambamo yeye mwenyewe aliosha vidonda ambavyo wengine hawakuweza hata kuvitazama. Habari zake ziliandikwa na Hieronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini. Majina yaliyotumika bado yalikuwa ya Kigiriki: xenodochium kwa nyumba ya wageni, nosocomium kwa nyumba ya wagonjwa.

Kilatini kilijitafutia jina lake taratibu. Kanuni ya Benedikto, ya karne ya 6, iliwaagiza wamonaki wampokee kila mgeni kana kwamba ni Kristo mwenyewe, na kila monasteri ikawa na nyumba pembeni kwa kazi hiyo. Mtaguso wa Aachen wa mwaka 816 uliagiza pawe na mahali pa kupokelea maskini, na katika maandishi ya zama hizo jina hospitale linazoeleka. Ndani yake walilala mahujaji, wazee, yatima, vilema na wagonjwa, wote chini ya paa moja. Msafiri wa miguu hufika amechoka, na aliyechoka huugua. Nyumba ya wageni ilijikuta ikiuguza bila kukusudia. Kugeuka kwa maana ya neno kulianzia hapo, katika shida ya kawaida ya barabara.

1070 hadi 1798: Yerusalemu, Rhodes na Malta

Nyumba iliyolifanya neno hili kuwa maarufu ilikuwa Yerusalemu. Yapata mwaka 1070 wafanyabiashara wa Amalfi, mji wa bandari nchini Italia, waligharamia makao ya mahujaji karibu na Kanisa la Kaburi Takatifu. Msimamizi wake, Bradha Gerard, alibaki baada ya askari wa Msalaba kuuteka mji mwaka 1099, na mwaka 1113 Papa Paskali II akaitambua jumuiya yake rasmi kama shirika. Hao ndio Wahospitali wa Mtakatifu Yohane. Baadaye walishika silaha, wakawa mashujaa wa farasi wenye ngome, lakini jina lao lilibaki lile la kupokea watu, na sheria yao iliwaita wagonjwa mabwana.

Walipofukuzwa Palestina, hatimaye walihamia kisiwa cha Rhodes, ambacho Sultani Suleiman aliwanyang'anya mwaka 1522. Mwaka 1530 walipewa Malta. Huko Valletta, kuanzia mwaka 1574, walijenga jumba kubwa la wagonjwa lililokuwa na sifa Ulaya nzima, kisha likafuatwa na mafunzo ya upasuaji na uganga. Napoléon aliwaondoa mwaka 1798, lakini elimu ya tiba ilibaki kisiwani. Jambo hilo litalihusu Ziwa Tanganyika.

Inafaa kusimama kidogo kuitazama njia ambayo Kiswahili hakikuifuata. Katika karne hizohizo nchi za Kiislamu zilikuwa na hospitali bora kuliko za Ulaya. Ile ya Nur al-Din mjini Damasko ilijengwa mwaka 1154, na ile ya Qalawun mjini Kairo ikakamilika mwaka 1284, zikiwa na wodi za maradhi mbalimbali na matabibu wa mishahara. Jina lake lilikuwa bimaristani, la asili ya Kiajemi. Kiswahili kilichota kutoka Kiarabu maneno tabibu, dawa, maradhi na afya, lakini bimaristani hakikulichukua. Sababu ni nyepesi: tabibu na dawa zilikuwapo pwani, majengo hayo hayakuwapo, na watu hawaazimi jina la kitu wasichokiona.

Jinsi s ilivyoanguka

Wakati huo Kilatini chenyewe kilikuwa kimegeuka kuwa lugha nyingine. Katika Kifaransa cha kale hospitale lilizaa maneno mawili kwa mpigo. La kwanza lilipita vinywani mwa watu wa kawaida, likakatwa silabi, likawa hostel. La pili lilirudishwa na makasisi waliokuwa wakisoma Kilatini, nalo likabaki refu: hospital. Kiingereza kiliyachukua yote mawili baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, na karne kadhaa baadaye kikachukua tena hotel kutoka Kifaransa kipya. Kwa hiyo hospitali, hosteli na hoteli za Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba tofauti. Wakenya wanaosema wanaingia hotelini kunywa chai na mandazi wako karibu na maana ya Kilatini kuliko madaktari.

Kiingereza kiliacha pia masalio ambayo leo hata wenyewe hawayatambui kwa urahisi. Spital, neno lililokatwa kichwa, limekufa katika mazungumzo lakini linaishi katika jina la mtaa wa Spitalfields jijini London, ambako nyumba ya Mtakatifu Maria ilianzishwa mwaka 1197. Ostler lilikuwa jina la mtumishi wa nyumba ya wageni aliyetunza farasi wa wasafiri. Farasi walipotoweka barabarani, naye akaenda nao. Christ's Hospital, iliyoanzishwa mwaka 1552, ni shule, na haijawahi kubadilisha jina, kwa kuwa ilipofunguliwa hospital lilikuwa bado makao ya watoto maskini vilevile kama ya wagonjwa.

Kifaransa, kwa upande wake, kiliacha kuitamka s iliyotangulia konsonanti nyingine. Watu waliendelea kuiandika kwa mazoea hadi mwaka 1740, kamusi ya Akademia ya Ufaransa ilipoiondoa kwa wingi na kuweka kialama juu ya irabu: hospital likawa hôpital, hostel likawa hôtel. H nayo haikutamkwa tangu zamani. Kilichobaki masikioni ni "opital", na Kifaransa kikiweka kibainishi mbele yake, "lopital".

Mwafrika anayejifunza kwa sikio hana jinsi ya kujua kibainishi kinaishia wapi. Ndivyo Lingala ilivyopata lopitalo, na ndivyo Kiswahili cha Kongo kilivyopata lopitali. Neno Leta, linalotumika Kongo kwa maana ya serikali, liliundwa vivyo hivyo kutoka l'État. Herufi moja ya mwanzo na nyingine ya katikati zinatosha kuonyesha neno lilipita kwa mkoloni gani.

1656 hadi 1900: kutoka kifungo hadi tiba

Maana ya leo ni changa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1656 Mfalme Louis XIV aliunda mjini Paris Hôpital Général. Kazi yake haikuwa kutibu. Ilikuwa kuwakusanya ombaomba, wazururaji, wazee na wendawazimu na kuwafungia, wengine wakifanyishwa kazi, ili mitaa isafike. Jina hilohilo, hôpital général, limeandikwa leo kwenye kibao cha kila hospitali kuu ya rufaa nchini Kongo. Walioliweka hapo hawakuwa na nia hiyo, bila shaka. Bado ni jina lenye historia ngumu.

Mapinduzi ya Ufaransa yalizinyang'anya taasisi hizi kwa kanisa na kuzitia mikononi mwa serikali, na kuanzia mwaka 1794 shule mpya ya tiba ya Paris ikawapeleka wanafunzi kando ya kitanda cha mgonjwa. Hospitali ikawa mahali pa kujifunzia ugonjwa. Hata hivyo mwenye uwezo aliendelea kuuguzwa kwake, maana wodini watu walikufa kwa maambukizi. Mambo mawili yalibadilisha hesabu hiyo. Mwaka 1846 dawa ya usingizi ya etha ilionyeshwa hadharani katika upasuaji mjini Boston. Mwaka 1867 Joseph Lister alitangaza njia yake ya kuzuia vidonda visioze kwa kutumia asidi ya kaboliki. Kabla karne haijaisha upasuaji ulikuwa na nafasi ya kufanikiwa kuliko wakati wowote, vyombo vyake havikuweza kubebwa nyumba hadi nyumba, na tajiri akaanza kulala kitanda kilekile cha maskini.

Neno lilipopanda meli kuja Afrika ya Mashariki, basi, lilikuwa limekwisha kupoteza mgeni na kubaki na mgonjwa. Pwani ya Tanganyika chini ya Wajerumani, tajiri Sewa Haji Paroo alitoa fedha zilizojenga hospitali ya Waafrika na Wahindi mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1890, chimbuko la Muhimbili ya leo. Wajerumani walisema Krankenhaus, neno ambalo Kiswahili hakikulitaka, ingawa kilichukua shule kwao. Waingereza waliotawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndio waliolikita hospitali katika matumizi ya serikali.

1858 hadi 1908: ufuo wa magharibi

Kiswahili kilifika Fizi kabla ya Kifaransa. Burton na Speke walipoingia Ujiji Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakivuka ziwa tayari kutafuta pembe na watumwa, na jina la Baraka lenyewe ni la Kiarabu. Ghuba ambayo mji huo umekaa bado huandikwa katika ramani kwa jina la Burton.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, mwaka uliofuata wakafungua kituo Mulweba katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 kingine Kibanga, vyote upande wa magharibi wa ziwa. Walitibu vidonda na homa kwa dawa chache walizokuwa nazo, na wao wenyewe walikufa kwa homa hizo. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, aliona kwamba Mzungu hakai muda mrefu katika hali ile ya hewa, akaamua kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani. Chuo alichokichagua kilikuwa Malta.

Mmoja wao ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika Mali ya leo, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa Jangwa la Sahara na kuuzwa, kisha akakombolewa na mapadri. Alisomea tiba katika kisiwa cha Wahospitali, akafika Karema, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alikaa hapohapo, akipasua, akiunga mifupa na kufundisha dini, hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto wa Afrika aliyepelekwa ng'ambo ya bahari, akarudi na elimu ya watu waliojiita kwa neno la ugeni: katika habari zote za neno hili hakuna nyingine inayofupisha njia yake hivyo.

1903 hadi 1930: lazareti

Wakazi wengi wa Kongo hawakukutana na tiba ya Wazungu kwa jina la hospitali. Walikutana nayo kwa jina la lazareti. Malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu mengi, na ufuo wa ziwa haukusalimika. Mwaka 1903 Mfalme Léopold II aliwaalika wataalamu wa Chuo cha Tiba za Kitropiki cha Liverpool. Mmoja wao, Joseph Dutton, alifia njiani mwaka 1905 kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza. Ushauri wao ulikuwa kuwatenga wagonjwa. Waliopimwa shingo na kukutwa na tezi zilizovimba walichukuliwa, mara nyingi kwa nguvu, wakafungwa katika kambi zenye walinzi. Dawa iliyotumika, atoksili, ilikuwa na sumu ya aseniki na iliwapofusha baadhi yao. Wengi hawakurudi makwao.

Hata jina lazareti lina asili ya karantini: lilitoka Venice, kwenye kisiwa cha Santa Maria di Nazareth, ambako wenye tauni walitengwa tangu mwaka 1423, likachanganywa na Lazaro, maskini wa Injili mwenye vidonda. Kongo ilijua maana ile ya kutenga kabla ya kujua ile ya kupokea. Hofu iliyozaliwa humo ilichukua muda mrefu kutoka, na si haki kuiita ujinga wa wanakijiji.

1949 hadi 1965: vitanda vingi, daktari hakuna

Hospitali za mijini za Kongo ya Kibelgiji zilitenganishwa kwa rangi, Wazungu kwao na Weusi kwao. Vijijini kazi iliachiwa misheni. Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 hadi 1959 ulikusudia kila teritwari iwe na kituo cha tiba na upasuaji, na zahanati kukizunguka. Majengo mengi ya matofali yenye veranda ndefu yanayoonekana hadi leo mashariki mwa nchi ni ya miaka hiyo. Maneno ya Kifaransa yakaingia Kiswahili kwa wingi pamoja nayo: anfirmie kwa muuguzi, matenite kwa wodi ya wazazi.

Mpango huo ulikuwa na tundu kubwa. Wabelgiji walifundisha wauguzi na wasaidizi wa tiba wenye ujuzi mkubwa, lakini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na raia wake hata mmoja mwenye shahada kamili ya udaktari. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka katika vurugu za Julai, hospitali zilibaki mikononi mwa wasaidizi hao. Shirika la Afya Duniani liliwapeleka baadhi yao Ufaransa kumalizia masomo.

Fizi ilipata mtihani wake mwaka 1964, waasi wa Simba walipoishika. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na Wacuba kuwasaidia waasi hao, akapiga kambi Kibamba. Wacuba walipewa majina ya nambari za Kiswahili, naye akaitwa Tatu. Alikuwa daktari kwa masomo yake ya Buenos Aires, na wenyeji walimjua kwanza kwa kazi hiyo; daktari mwenzake, Rafael Zerquera, aliitwa Kumi. Walitibu malaria, majeraha ya risasi na vidonda vya wanakijiji kwa muda wa miezi saba, hadi Novemba. Baraka ilikuwa imekwisha kutekwa tena na jeshi la serikali na mamluki wake. Milima ya Fizi iliendelea kuwa maficho ya chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoundwa mwaka 1967, na kwa miaka mingi huduma za Leta zilifika huko kwa shida au hazikufika.

1980 hadi 1999: zoni za afya, na Lemera

Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, iligawa nchi katika zoni za afya, 306 kwa idadi ya katikati ya miaka ya 1980, baadaye zaidi ya 500. Kila zoni ilipewa hospitali kuu moja ya rufaa, na kwa kuwa Leta haikuwa na fedha, mara nyingi hospitali ya misheni ndiyo iliyopewa cheo hicho. Hivyo ndivyo hospitali ya kanisa ya Nundu ilivyopata kuwa Hôpital Général de Référence ya Zoni ya Afya ya Nundu.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 uliwapa wagonjwa na wauguzi wa vita hadhi ya watu wasioguswa. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996 hadhi hiyo ilivunjwa katika teritwari jirani ya Uvira. Watu wenye silaha waliingia hospitali ya Lemera, wakawaua wagonjwa vitandani pamoja na wauguzi. Mganga mkuu wake, Denis Mukwege, hakuwapo siku hiyo. Mwaka 1999 alifungua hospitali ya Panzi mjini Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwisho wa mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo vikiwa vimeanza, raia waliuawa kwa wingi Makobola, ndani ya Fizi. Watu wa ufuo walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti kwenda Kigoma, na wengi wakaishi kambi ya Nyarugusu.

Tangu 2003: maumbo mawili kitanda kimoja

Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Baraka mwaka 2003, kipindupindu kikiwa hakiondoki ufuoni. Kuanzia mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Watoto waliosoma Tanzania walirudi na hospitali yenye s. Waliobaki walikuwa na hopitali. Mwaka 2015 ikafunguliwa kambi ya Lusenda kwa wakimbizi wa Burundi, na Fizi, iliyokuwa imezoea kupeleka wakimbizi, ikawa mwenyeji.

Kinachofanyika uani mwa hospitali za eneo hili kingeeleweka na Mroma yeyote aliyejua hospitium. Mgonjwa haji peke yake. Huja na garde-malade, ndugu anayemlinda, mwenye mkeka, sufuria na mfuko wa makaa. Asubuhi moshi hupanda kutoka mafigani nyuma ya wodi, bugali husongwa, sombe na ndagala huiva, na aliyetoka mbali bila chakula hupewa na jirani wa kitanda ambaye hawajuani hata lugha. Maana ya kwanza ya neno, iliyopotea Paris na London, inaendeshwa hapo na ndugu wa wagonjwa bila bajeti yoyote. Maana ya mwaka 1656 nayo haijafa: katika hospitali nyingi za Kongo mgonjwa aliyepona huzuiwa asitoke mpaka bili ilipwe.

Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili ni lugha ya kuwaunganisha watu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotungwa Dar es Salaam ina hospitali tu. Hopitali na lopitali zina wasemaji wengi kuliko maneno mengi yaliyomo humo, na watunga kamusi wa Jumuiya wanapaswa kuziingiza.